Fundi Saa Atoka Kununua Mkate

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, na wanangu wote hapo nyumbani, na zaidi ya wote Mama yetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, kifua cha Mama kimetulia na mgongo wa shemeji umepata nafuu. Mimi huku mwili ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi. Roho ndiyo haijatulia, na sababu yake utaiona humu. Kwa hiyo tafuta mahali ukae peke yako, na usimsomee mtu kwa sauti mpaka uifikishe mwisho.

Barua yako nimeipata juzi. Unasema kuna mwanamume anayekuja mlangoni kwenu kila alasiri mnapomimina chai. Amevaa suruali pana ya mtindo wa zamani, ameshika mkate uliofungwa kwenye gazeti, anabisha hodi. Mkimwuliza yeye ni nani na anataka nini, anabisha hodi tena. Shemeji amemfukuza, akaondoka bila ugomvi, na kesho yake akarudi. Unasema mwisho wa wiki shemeji ataita askari, na vijana wa mtaa wameshatafuta fimbo wakiamini ni mwizi anayechungulia nyumba za watu. Halafu umeandika kwamba uso wake una kitu, ukaikata sentensi hapo hapo ukaanza habari za paa linalovuja. Nakujua, Dada. Wewe ukiacha jambo katikati ujue umeshauona mwisho wake.

Nakuomba, kwa haki ya ziwa la Mama tulilonyonya sote wawili, asiguswe mtu huyo. Mzuie shemeji kwa njia yoyote, hata kwa kununa. Najua amefuata nini hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta.

Kazi yangu unaijua. Natunza chumba cha magazeti ya zamani, kule chini ambako taa huwaka mchana kutwa na harufu ya karatasi inashika nguo hata ukizifua. Mwaka huu Mhariri wetu, mtu wa maneno mengi na subira kidogo, alishuka huko akalalamika kwamba gazeti limekuwa zito kama ugali wa jana, na wasomaji wanataka kucheka. Akaniagiza niwe nachimbua vichwa vya habari vya zamani vyenye kuchekesha, kimoja kila wiki, kisha nibuni mambo yaliyofuata. Nisihangaike na ukweli, alisema, ukweli tunao wa kutosha kurasa za mbele. Safu ikaitwa "Baada ya Hapo". Nilifurahi mno. Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kupanga maneno ya wengine, sasa na mimi nikapewa pembe yangu ya ukurasa.

Nilianza na "JOGOO ASHTAKIWA KWA KUWIKA MAPEMA". Habari yenyewe ilikuwa fupi, majirani wawili na kesi yao. Nikabuni kwamba hakimu, ambaye naye alikuwa hajapata usingizi, aliamuru majogoo wote wafuate saa za ofisi. Wawike milango ya ofisi inapofunguliwa, wapumzike mchana, na Jumamosi na Jumapili wasiwike kabisa. Watu walicheka. Mpanga kurasa wetu, tunayemwita Mkasi kwa sababu mkasi haumtoki mkononi, alicheka mpaka akamwaga gundi.

Wiki ile ile mtaa wetu mzima ulichelewa kazini. Majogoo hawakuwika alfajiri. Waliwika jua likiwa limeshapanda, wote kwa pamoja, wakati karani wa kwanza anaingiza ufunguo mlangoni. Nikajiambia ni hali ya hewa. Ikaja Jumamosi. Dada, sidhani kama umewahi kusikia mtaa usio na jogoo hata mmoja. Unamsikia mtu anakohoa nyumba ya mbali, unasikia ndoo inawekwa chini, halafu baada ya hapo hakuna kitu. Nilitoka uani. Jogoo wa mama mwenye nyumba alikuwa juu ya banda, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, kifua kinatetemeka, na sauti haitoki. Alinigeuzia jicho moja akanitazama muda mrefu. Nikarudi ndani nikafunga mlango.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Nikaendelea na kazi, nikachukua "DARAJA LAZINDULIWA, MTO BADO". Bila shaka unalikumbuka daraja lile la bondeni, tulilokuwa tukilicheka tukipita, limejengwa juu ya mchanga mkavu. Nikabuni kwamba wakubwa waliona aibu, wakauandikia mto barua rasmi wakiuomba uhamie chini ya daraja haraka iwezekanavyo. Mto ukajibu kwa adabu kwamba umekubali wito, utakuja pamoja na ndugu zake wote, waandaliwe mahali pa kulala.

Siku chache baadaye Mkasi aliingia ofisini akisimulia kwamba amewaona wanawake wanafua nguo chini ya daraja. Alisimulia kama kichekesho tu, na hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Nilikwenda kujionea. Maji yalikuwa yanapita taratibu, meusi kidogo, bila kelele yoyote. Niliyafuata kule yanakotokea mpaka nikafika kwenye ukuta wa bohari. Yalianzia hapo hapo, kwenye vumbi. Upande wa pili wa ukuta palikuwa pakavu, na mlinzi alinikaribisha nikae kwenye kopo lake la rangi, akaniuliza nimepoteza nini.

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, na kicheko chenyewe ndicho kilichonitisha, kwa sababu nilijua nacheka nini. Nilikuwa nimeshamfikiria Baba.

Kichwa chetu cha habari unakijua kwa moyo. "FUNDI SAA ATOKA KUNUNUA MKATE, HAJARUDI". Wewe ndiye uliyemshika Mama mkono mpaka kwenye ofisi hizi hizi ninazofanyia kazi, mimi nikiburutwa nyuma yenu, mkawaeleza wenye gazeti kwamba chai ilikuwa imemiminwa, mkate umekwisha, Baba akasema anafika dukani na kurudi. Hawakukusudia kutania. Lakini watu walikisoma wakacheka, fundi saa asiyejua saa ya kurudi. Shuleni, mpaka nilipokuwa mkubwa, waliniuliza kama mkate umeshaiva. Mama hakucheka wala hakulia mbele yetu. Aliitundika ukutani ile saa yake Baba, ilipoishiwa nguvu ikasimama, na akakataza mtu yeyote asiitie ufunguo.

Nimekaa na gazeti lile chumbani kwangu miaka yote hii, kwenye rafu ya juu, na sikuwahi kulifungua. Safari hii nililishusha. Niliandika kwa mzaha, kama safu inavyotaka, kwamba fundi alinunua mkate wake vizuri, ila njiani kila nyumba ilikuwa na saa iliyokufa, na mkono wa fundi hauwezi kuipita saa iliyosimama. Kila alipokaribishwa aliingia, akaitengeneza, akashukuru, akatoka kwenda nyumba inayofuata. Na kwa kuwa kutwa alikuwa akirudisha mishale nyuma, hakuzeeka hata siku moja, na mkate haukupoa. Mwishowe mji ukaishiwa saa mbovu. Akaona njia nyeupe, akawauliza wapita njia nyumba ya binti yake ni ipi, maana ile yake ya zamani ilikuwa imeshabomolewa. Akafika, akasimama mlangoni na mkate wake, akabisha hodi.

Baada ya hapo nikaweka maneno ambayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta tangu mwanzo, na nikayaweka mwisho kabisa, ambapo kichekesho huwekwa.

Asubuhi safu hiyo ilipotoka, kabla hata sijaligusa gazeti, alikuja mwanamke mmoja wa bondeni. Alikuwa na viatu vilivyolowa na ile nakala ya habari ya daraja ameikunja kwapani. Hakuja kwa ugomvi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza tu, mwanangu, ndugu za mto ni wangapi. Wawili wameshafika, alisema, na yeye ana watoto, na nyumba yake ndiyo iko chini kabisa. Nilimwambia asiwe na hofu, wataaga wote na kurudi kwao, nimeandika mwenyewe mwishoni. Akaifungua nakala yake, akanionyesha. Mwisho ule haukuwepo. Habari ilikuwa imekatwa pale ndugu wanapoomba mahali pa kulala, na chini yake kulikuwa na tangazo la mafuta ya nywele.

Mambo ya kazi yetu ni hivi, Dada. Tangazo likiingia dakika za mwisho, mpanga kurasa hamwulizi mtu, anakata habari kuanzia mkiani. Ndiyo maana kila mgeni anayeanza kazi mimi humfundisha neno moja kabla hajavua koti. Jambo kubwa weka juu, mkasi huanzia chini. Nimewafundisha hata watu ambao leo ni wakubwa zangu. Na mimi mwenyewe, kwa sababu ya tamaa ya kuchekesha, nikauweka mto chini na nikamweka Baba chini.

Nililifungua gazeti la siku ile mbele ya mwanamke yule. Habari yetu iliishia kwenye neno hodi. Chini yake palikuwa na picha ya kiatu cha ngozi.

Ndiyo sababu haingii. Ndiyo sababu haongei. Hana kiburi wala si kichaa, maneno yake ndiyo yamekwisha.

Nilipanda kwa Mhariri nikamwomba tuchapishe masahihisho. Akauliza kosa ni lipi. Nikasema mto haujarudi kwao, na kuna mtu amesimama mlangoni hajafunguliwa. Alinitazama, akaniambia nimefanya kazi sana, nichukue likizo. Safu akaifunga siku ile ile. Nilipokuwa natoka aliniita tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko kwangu majogoo wanawika Jumamosi. Nikasema hawawiki. Akatikisa kichwa, akainamia karatasi zake. Mwanamke wa bondeni nilimsaidia kubeba vyombo, sasa amehamia kwa mdogo wake huko juu. Ndugu wa tatu wa mto alifika wakati tunafunga godoro.

Nimefikiri sana la kufanya. Gazetini hakuna njia tena. Umebaki mlango wenu, na huo nao una mtego wake. Usisahau nilichokiandika na kikachapishwa. Kila nyumba aliyokaribishwa aliingia, akatengeneza saa, akatoka. Ukimfungulia, macho yake yakaiona saa iliyosimama, ataitengeneza na kukushukuru na kwenda zake, na safari hii hakuna wa kumrudisha. Na humo ndani kuna saa moja iliyosimama, unaijua iko chumba gani, na unajua Mama hawezi kukubali itolewe ukutani hata kwa dawa. Ukimwacha nje, atasimama hapo mpaka wewe na mimi tuwe vikongwe, na yeye vile vile, na mkate wake wa moto. Sasa unaona kwa nini silali.

Maneno yaliyokatwa nayajua kwa moyo. Nakunakilia hapa: "Akafunguliwa. Akaingia, akaiona saa yake ukutani imesimama, akanyoosha mkono, kisha akaushusha. Akasema iacheni tu, leo sina haraka. Akakaa." Basi, ni hayo tu. Sijui kama neno la mdomoni lina nguvu ya neno lililochapishwa. Lakini wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuitamka habari hii, pale kaunta, kabla haijawa gazeti. Yatamke mlangoni akiwa anasikia, taratibu, usiruke hata moja.

Utauliza kwa nini sisemi nakuja kuyatamka mwenyewe, mimi niliyeyatunga. Hapo ndipo penye kidonda, na nimekizunguka barua nzima.

Nilikuja, Dada. Jumapili iliyopita, kabla barua yako haijanifikia. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, nikawa naangalia nyumba yenu. Alitokea kona ile ya kinyozi. Nilikuwa mdogo alipoondoka, sikuwa na uhakika kama nitamjua, lakini nilimjua kwa mwendo, anatembea kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Uso ni wa mwanao mkubwa, kasoro ndevu tu. Umri wake ni sawa na wangu. Akaja moja kwa moja kwangu. Harufu ya mkate ilinifikia kabla yake.

Akaniita dada. Akasema samahani kwa kunisumbua, anaomba nimwonyeshe nyumba ya binti yake. Nilitaka kusema Baba, na neno likanigomea. Alisubiri kwa adabu, akadhani labda sikusikia, akarudia. Nikamwuliza kama hana mtoto mwingine. Akatabasamu, akasema Mungu amempa huyo mmoja, na anamshukuru.

Ni mimi niliyefanya hivyo. Habari ya zamani ilisema baba wa watoto wawili. Mimi nikaogopa Mhariri na Mkasi wasije wakanitambua, wasije wakajua kwamba ule mkate wanaoucheka ni wa kwetu, wakaniuliza kama umeshaiva. Ofisi nzima inajua mimi ni mdogo katika wasichana wawili. Kwa hiyo nikaandika, katika sentensi ya kwanza kabisa, kwamba ana binti mmoja tu, wewe. Nilijifuta kwa mkono wangu, kwa ajili ya aibu ya shuleni, na hilo mkasi haukulikata, kwa sababu nililiweka juu.

Nikamwonyesha nyumba yenu kwa kidole. Akanishukuru, akavuka. Nilimtazama mpaka akabisha hodi. Basi kumbe nimo kwenye hadithi yangu, Dada. Mimi ni mpita njia.

Kwa hiyo siji. Naogopa nikiwa humo ndani ataniona mgeni, aone haya kukaa, ainuke. Wewe ndiye anayekujua. Nampa barua hii dereva wa asubuhi, anayeleta magazeti huko kwenu, ameniahidi ataitia mkononi mwako mwenyewe.

Limebaki swali la Mama. Umeniandikia mwishoni, kwa utani, kwamba ameanza kupoteza kumbukumbu. Kila hodi ile inapobishwa anainua kichwa na kuuliza kwa nini hammfungulii mtu, na amekutuma uniulize kama nakumbuka Baba alikuwa anatia vijiko vingapi vya sukari. Umesema nisiwe na wasiwasi, ni uzee tu. Si uzee, Dada. Macho yake hayaoni vizuri, lakini hodi ile ameishi nayo. Ameshamtambua kabla yako na yangu, na anachohangaikia sasa ni kikombe. Kwa hiyo ukishayatamka yale maneno, sogea pembeni, mlango afungue yeye.

Mwambie viwili. Sikumbuki, nimebuni, kama nilivyobuni mengine. Labda ndivyo itakavyokuwa.

Msalimie shemeji na umwombe msamaha kwa niaba yangu, wanangu wote uwabusu, na Mama umshike mikono yote miwili umwambie nampenda. Na huyo mgeni wenu, akishakaa na kunywa chai yake, akiwa hatazami ukutani, mega kipande kingine cha mkate ukiweke kando kwenye sahani. Akikuuliza ni cha nani, usimjibu. Mwache akumbuke mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
binti wa pili wa fundi saa.